Kabla hujaandika "rangi nyekundu inaashiria mapenzi"

Jumanne usiku nimeletewa ujumbe na msomaji mmoja, mwanafunzi: "Shikamoo dada. Tumepewa kazi ya kuchambua kurasa mbili za jarida la muziki, muonekano na lugha. Nimeshaandika picha kubwa, kichwa cha habari kikubwa, na rangi nyekundu inaashiria mapenzi. Niongeze nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze kitu. Futa.

Usinune. Hayo uliyoandika niliyaandika mimi, karibu neno kwa neno, nilipokuwa chuoni nasoma uandishi wa habari. Nikapata 8 kwa 20. Alama zenyewe nilishazisamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mwalimu aliisoma kazi yangu mbele ya darasa bila kutaja jina, kumbe darasa zima lilijua ni nani aliyejifanya mjanja akachagua jarida la Marekani. Shingo zote zikanigeukia.

Na kweli nilijifanya mjanja. Wenzangu walichukua magazeti ya burudani kutoka meza za Posta, mimi nikaenda kuchimba Ray Gun, jarida la muziki la California la miaka ya 90. Msanifu wake wa mwanzo alikuwa David Carson, mtu aliyesomea sosholojia, akafundisha shule, akawa hodari wa kuteleza kwenye mawimbi, ndipo akaingia kwenye kurasa. Mwaka 1994 aliletewa mahojiano na Bryan Ferry, mwimbaji wa bendi ya Roxy Music ya Uingereza. Akayasoma, yakamchosha. Basi akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti isiyo na herufi hata moja, alama tupu. Maneno ya Ferry yakageuka safu za nyota na maua ambazo hakuna binadamu wa kuzisoma.

Mimi nikaona nimepata dhahabu. Nikaandika kurasa tano. Niliandika, wallahi, kwamba rangi nyeusi inaashiria huzuni. Nazungumzia wino wa kuchapia! Nikahitimisha kwamba huu ni uhuru wa msanii.

Mwalimu akauliza swali moja tu: "Na msomaji aliyetoa hela yake, ameondoka na nini?"

Kimya. Jibu lilikuwemo ndani ya jarida lenyewe: mahojiano yaleyale yalichapwa tena nyuma, toleo hilohilo, kwa herufi zinazosomeka. Sikulijua hilo kwa sababu sijawahi kulishika jarida. Niliona picha ya kurasa mbili mtandaoni, nikaanza kutoa hukumu. Ukitazama za mbele peke yake unaona dharau. Ukizitazama pamoja na za nyuma unaona mchezo: mbele msanifu anatoa maoni yake juu ya mahojiano, nyuma msomaji anakabidhiwa haki yake aamue mwenyewe kama yanachosha.

Miaka ya kadi za harusi na vipeperushi vya semina nairuka, haina ladha. Siku niliyoajiriwa kusanifu kurasa, jambo la kwanza nililofanya kwenye kompyuta ya ofisi ni kuifungua fonti ile nikachapa sentensi ya Kiingereza. Herufi "e" inatoka chembe ya theluji, na Kiingereza kinavyoipenda "e", ukurasa ukajaa baridi. Mkato unatoka mkono wenye vidole viwili juu, nukta inatoka penseli. Nikachapa Kiswahili. "a" ni ua. Unajua lugha yetu ilivyo na "a": nikapata bustani. Pale ndipo nilipoelewa kwamba maneno ya Ferry hayakufutwa. Yalikuwa yamekaa palepale, kila herufi mahali pake, yamevaa baibui. Hiyo ndiyo sentensi iliyokosekana kwenye kurasa zangu tano.

Kwa hiyo ushauri wangu: soma maneno kwanza. Soma yote, hadi maelezo madogo ya chini ya picha. Ndipo uulize ukurasa umeyafanyia nini.

Upande wa lugha, tazama jarida linamwita nani rafiki. Smash Hits ya Uingereza, iliyoanza 1978 ikafa 2006, ilichapa mashairi ya nyimbo na kuwatania mastaa kama wanafunzi wa darasa moja na msomaji. Kurasa zake zilichangamka vilevile, rangi juu ya rangi. Utani wa namna ile ukiupanga kwa safu nyembamba na nafasi nyeupe tele, unakufa.

Mwezi uliopita nimesanifu kurasa mbili za bibi mmoja wa taarabu. Mwandishi alirudi na mahojiano ambamo bibi alikuwa akimjibu "mwanangu" karibu kila mara. Mhariri, kwa kubana nafasi, akayakata hayo maneno "mwanangu" yote. Nikaenda kumwambia: mzee, ukiyatoa haya umebaki na mkutano wa waandishi wa habari. Tukabishana, chai ikapoa. Mwishowe akayarudisha matano. Mimi nikalichukua neno lenyewe, "Mwanangu", nikalikuza ukurasa wa kulia, mbali na mkunjo wa katikati ya kurasa mbili kwa sababu mkunjo humeza herufi, na picha ya bibi kushoto akitazama upande uleule. Kichwa cha habari cha "Malkia" nikakiomba kiondoke, maana pichani bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, kandambili miguuni, na hana shida na umalkia wa mtu. Ukurasa umepita bila kuguswa, mhariri akasema "hapa umeniweza". Yule mwalimu nilimtumia picha. Amesoma, tiki mbili za buluu, hajajibu.

Ninyi vijana mna haraka ya kutafuta maana ya rangi. Tulieni, someni maneno. Nyekundu nyingine ipo kwa sababu ndiyo rangi ya nembo ya jarida, kwisha. Nasema tena, someni maneno.

Basi mdogo wangu, nitumie picha za kurasa zako. Zote mbili, zipigwe kwa karibu nione maandishi madogo. Na nitumie ukurasa unaofuata pia.