Mwamba ulioganda huachia kabla barafu yake haijayeyuka

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwongozaji wa wapanda mlima hapa Moshi, huu mwaka wa kumi na moja. Niliona video ya kijiji cha Blatten kule Uswisi kilivyofukiwa Mei 2025, na wenzangu wakasema mlima ule ulikuwa umeshikwa na barafu kwa ndani. Sisi Western Breach, njia ya ukuta mkali wa kupandia Kibo kule Kilimanjaro, huwa tunaipita alfajiri, maana jua likishapiga mawe yanaanza kushuka. Je, ni jambo lilelile? Na joto la nyuzi moja au mbili linavunjaje mwamba?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa miaka yote hiyo mlimani. Hayo uliyouliza ni mambo mawili yanayofanana kwa mbali, na anayeyachanganya anaweza kujiona yuko salama mahali ambapo hayuko. Nianze na lile lisiloonekana.

Kwenye milima mirefu ya nchi za baridi, ukichimba chini ya mawe ya juu unafika mahali ambapo hapayeyuki mwaka mzima. Hiyo ndiyo pemafrosti: ardhi au mwamba uliobaki kwenye nyuzi 0 au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Kipimo ni joto, si barafu, kwa hiyo hata mwamba mkavu kabisa unahesabiwa. Lakini mwamba wa mlimani haukosi nyufa, na nyufa hazikosi maji. Maji hayo yakishaganda yanaufunga mlima pande kwa pande. Barafuto, yaani lile tandiko kubwa la barafu linaloteremka taratibu mlimani, unaiona hata ukiwa bondeni. Pemafrosti imo ndani, na kwa nje unaona mawe tu.

Juu ya sehemu hiyo kuna tabaka linaloyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena majira ya baridi. Pale Schilthorn, Uswisi, mashimo ya kupimia yalichorongwa kwenye kimo cha kama mita 2,900 kuanzia mwaka 1998. Miaka ya mwanzo tabaka hilo lilikuwa na kina cha mita 5 hivi. Mwaka 2003, joto kali lilipoitesa Ulaya, liliruka hadi karibu mita 9. Siku hizi linapita mita 10. Shimo la Murtèl, kwenye mlima Corvatsch, Uswisi pia, lilichorongwa mwaka 1987 na limepimwa kwa muda mrefu kuliko mengi ya milimani. Huko, kina cha mita 10, joto limepanda kwa takriban nyuzi 1. Utasema nyuzi 1 ni nini. Ni kubwa sana kwa kitu kilichokuwa kwenye hasi 2.

Chukulia friza ya muuza samaki, imejaa barafu, halafu umeme umekatika. Ukiweka kipimajoto ndani, kitapanda hadi sifuri kisha kitatulia hapohapo kwa saa nyingi, na ukikitazama utadhani mambo ni shwari. Kumbe joto lote linaloingia linatumika kuyeyusha. Kilo moja ya barafu inahitaji, ili iyeyuke tu, joto linalotosha kuyapasha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Kipimajoto kitasogea tena barafu ikiisha, na hapo samaki wameshaharibika.

Mlima nao uko hivyo. Nimewahi kukaa juu ya jiwe, kompyuta magotini, waya wa shimo umeunganishwa, nasoma vihisi kimoja baada ya kingine kwenda chini: hasi 0.1, hasi 0.1, hasi 0.2, hasi 0.1. Mwaka wa nyuma namba zilikuwa karibu zilezile, na mtu mgeni na kazi hii angefunga kompyuta akaandika kwamba hakuna mabadiliko. Ndiyo maana hatuamini kipimajoto peke yake. Tunapigilia vyuma ardhini kwa mstari na kupitisha umeme kati yake, kwa sababu mwamba ulioganda hauupitishi vizuri na mwamba wenye maji unaupitisha. Umeme ukipita kwa urahisi kuliko mwaka jana huku kipimajoto kikiwa palepale, barafu inapungua ndani.

Sasa kuhusu kuvunjika. Watu wengi wanadhani hatari inaanza barafu ikiyeyuka. Inaanza kabla. Kwenye hasi 5 barafu iliyo kwenye ufa inashika kwelikweli. Chukua vipande viwili vya mwamba vilivyogandishwa pamoja, na mikono yako haitavitenganisha. Ikifika kati ya hasi 1.5 na sifuri inalainika, utando mwembamba wa maji unajitokeza pale inapogusana na jiwe, na vipande vilevile vinaanza kuteleza. Bado ni barafu, bado ni nyeupe, ila imeshaacha kazi yake.

Kisha maji yanaongeza kasi. Joto likipita kwenye mwamba mtupu linakwenda polepole mno: la majira ya joto linafika mita 10 kama miezi sita baadaye, huku juu ni baridi kali. Kwenda makumi ya mita ndani linachukua miaka mingi. Lakini maji yakipata ufa yanashuka moja kwa moja na kupeleka joto kilindini kwa siku chache, na yakikuta chini pameziba kwa barafu yanajaa kwenye ufa na kuusukuma mwamba kwa nje.

Mlima Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, ulitufundisha mapema. Julai 2003 sehemu ya ukingo wa Hörnli ilianguka, na wapandaji wengi wakatolewa kwa helikopta. Palipobanduka barafu ilikuwa inaonekana wazi. Kingo nyembamba kama ule zinaingiwa na joto kutoka pande mbili, ndiyo maana huwa za kwanza kuachia.

Maporomoko makubwa hayana saa wala majira. Pizzo Cengalo, mlima mwingine wa Uswisi, iliporomoka Agosti 23, 2017, kiasi cha mita za ujazo milioni 3, na watu wanane waliokuwa wakitembea bondeni wakafa. Piz Scerscen, nao wa Uswisi, iliangusha mamilioni ya mita za ujazo Aprili 14, 2024, theluji ikiwa bado imetanda. Tope na mawe katikati ya theluji nyeupe, wakati ambao mzoefu yeyote angesema mlima umelala.

Blatten nisiirahisishe. Mawe ya Kleines Nesthorn, kilele kilicho juu ya kijiji, yaliangukia barafuto ya Birch kwa siku kadhaa, uzito ukaizidi, na Mei 28 vyote vikashuka pamoja. Mwamba wenyewe ulikuwa umechoka tangu zamani, na pemafrosti iliyopata joto inatajwa kama sababu mojawapo, si ya pekee. Kilichonigusa mimi ni kwamba wakazi karibu 300 walikuwa wameshahamishwa tangu Mei 19, kwa sababu kuna watu waliokuwa wanautazama mlima na wakasikilizwa.

Turudi kwenu. Kibo haina majira ya baridi na ya joto kama Ulaya. Kuna mchana na kuna usiku. Kila usiku uso wa mlima unaganda, kila mchana unaachia, na ugandaji huo hauingii mbali. Pemafrosti yenyewe ipo kidogo tu, viraka karibu na kilele, maana mchanga ni mkavu, jua ni kali na volkano ina joto lake. Kwa hiyo desturi yenu ya alfajiri ni sahihi kabisa kwa mawe yanayoshikwa na barafu ya usiku mmoja.

Ila Western Breach kuna mawe ya aina nyingine: yaliyoshikwa na barafu ya miaka mingi, ambayo sasa imerudi nyuma. Unakumbuka Januari 2006, Wamarekani watatu walipouawa na mawe pale. Jiwe la namna hiyo likishapoteza kilicholishika, usiku haulirudishii. Linaweza kushuka saa kumi alfajiri kama saa sita mchana.

Basi nakuomba jambo moja, nawe una nafasi nzuri kuliko mimi kulifanya. Kila safari, ukiwa kambi ya Arrow Glacier, piga picha ya ukuta ule ukiwa umesimama palepale, na uandike tarehe na saa. Linganisha. Tafuta kovu lenye rangi mpya, vumbi juu ya theluji, maji yanayotoka kwenye ufa uliokuwa mkavu. Na ukiwa hemani usiku wa manane, kila kitu kimeganda, ukasikia mawe yanaanguka mara kwa mara, usisubiri alfajiri ikuhakikishie. Waambie wageni mpango umebadilika, mshuke kambi ya Barranco, mkapandie kambi ya Barafu.