Maswali ya Wasomaji: Je, Mifugo Ndiyo Iliyotuletea Magonjwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafuga ng'ombe na nguruwe wachache hapa Soroti, mashariki mwa Uganda. Mwanangu aliyerudi kutoka chuoni ananiambia kwamba magonjwa yote ya binadamu yalianza pale watu walipoanza kufuga, na kwamba tukiacha nyama tutayaepuka. Je, ni kweli? — Mfugaji, Soroti.

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao ameshika jambo la kweli, ila amelivuta kupita kiasi. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe walianza kufugwa Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, na tangu hapo binadamu ameishi karibu na pumzi, damu na kinyesi chao. Mfano ulio wazi zaidi wa ugonjwa uliotoka kwa mifugo ni surua, ambayo virusi vyake vina undugu wa karibu na virusi vya sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kutangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Hata hivyo, zizi peke yake halikutosha. Aliyepona surua haugui tena, kwa hiyo katika kijiji kidogo virusi hukosa wa kumwambukiza na kutoweka. Ili vidumu, panahitajika mji wa watu laki kadhaa, na miji ya namna hiyo ilitokea maelfu ya miaka baada ya ufugaji kuanza.

Yapo pia magonjwa ambayo mifugo imesingiziwa. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba kifua kikuu tulikitoa kwa ng'ombe, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa bakteria wanaoenea kati ya watu hawakutokana na wale wa ng'ombe. Tegu nao wanaelekea kuwa waliwaingia wazee wetu wa kale kupitia nyama ya kuwinda, kabla ya ufugaji, kisha sisi tukawaambukiza ng'ombe na nguruwe. Hata leo nguruwe humpata tegu kwa kula mayai yaliyomo katika kinyesi cha mtu, kwa hiyo kabla ya kumlaumu nguruwe wako, kagua choo chako. Virusi vya Ukimwi vilitoka kwa sokwe, na wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walioambukizwa Marburg, homa kali ya virusi, mwaka 2007 waliipata kwa popo.

Soroti kwenyewe pana ushahidi mzito kuliko yote niliyoyataja. Mlipuko wa malale (ugonjwa wa usingizi) ulioanza huko Desemba 1998 ulihusishwa na mnada wa ng'ombe, ambapo wengi wa ng'ombe waliouzwa walitoka maeneo yenye ugonjwa huo. Ng'ombe anaweza kubeba vimelea vya malale bila kuonekana mgonjwa, mbung'o akamnyonya, kisha akamuuma mtu. Hatari haikutokana na kufuga, kwani Wateso wamefuga ng'ombe tangu zamani. Ilitokana na kuwasafirisha ng'ombe wasiotibiwa. Ndiyo maana kampeni iliyoanza mwaka 2006 iliwatibu ng'ombe kwa wingi na kuwanyunyizia dawa ya kuua mbung'o, badala ya kuwaambia watu waache kufuga.

Kuhusu kuacha nyama, mwambie mwanao kwamba brusela, homa inayotoka kwa mifugo, hupatikana pia kwa maziwa mabichi, na kuyachemsha kunatosha kuiua. Penye haki yake ni kwenye mabanda makubwa yenye maelfu ya nguruwe au kuku waliosongamana, ambamo virusi vya mafua hupata nafasi ya kuenea na kubadilika. Mafua yaliyozunguka dunia mwaka 2009 yalitokana na virusi vya nguruwe. Mimi naliona hilo kuwa la kuhofiwa zaidi kuliko zizi lako.

SWALI: Ng'ombe akifa ghafla, majirani hugawana nyama na kuichemsha sana. Je, ni salama? — Msomaji, Kween.

JIBU: Si salama. Huenda ni kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza mifugo na watu, hasa ukiona damu isiyoganda ikitoka puani au sehemu ya haja. Wengi huambukizwa wakati wa kuchuna na kukata, kabla sufuria haijapanda jikoni. Usimpasue, kwa maana bakteria wakikutana na hewa hujifunika gamba gumu linalostahimili joto na kukaa udongoni kwa miongo mingi. Mwite daktari wa mifugo, wazuie mbwa wasimfikie, kisha azikwe mzima, na ngozi yake, katika shimo refu lililo mbali na maji.