Nyonga imeisha nikiwa na miaka 46: nibadilishe au nisubiri?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 46, nalima viazi huku Isyonje, na jioni nacheza netiboli na akina mama wenzangu. Huu ni mwaka wa tano nyonga ya kulia inaniuma. Usiku siwezi kuilalia, na soksi navalishwa na mwanangu. Eksirei imeonyesha nafasi kati ya mifupa imekwisha, na nimeambiwa kikombe cha nyonga yangu ni kifupi tangu kuzaliwa. Bingwa wa kwanza anasema nibadilishe nyonga yote. Wa pili anasema bado mdogo, nivumilie kwa sindano na dawa mpaka 60. Kaka yangu aliyeko Uingereza anataka nitafute upasuaji wa kufunika kichwa cha mfupa tu, kama aliofanyiwa Andy Murray wa tenisi. Jirani naye kasikia kuna wa matundu madogo, unarudi nyumbani kesho yake. Nifuate upi?
Msomaji, Isyonje

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipofika kwenye soksi niliiweka barua chini kwanza. Mwaka 2015, nikiwa na miaka 57, soksi ya mguu wa kushoto nilikuwa naitundika kwenye ncha ya mwiko wa ugali, nachomeka vidole, kisha naivuta kidogo kidogo machozi yakinitoka. Miaka 27 nilikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Mbeya, nimefundisha watu wengi kutembea na magongo, na bado maumivu yangu mwenyewe niliyavumilia miaka minne kabla ya kukubali kubadilishwa nyonga.

Kinachoamua hapa ni gegedu, ule utando mweupe, mtelezi, unaouona mwisho wa mfupa wa paja la kuku. Ndio unaofunika kichwa cha mfupa wa paja na kikombe kinachokipokea. Kikombe chako kifupi kilibebesha uzito wote sehemu ndogo, utando ukalika mapema. Ungekuwa na miaka 25 na gegedu zima, ningekuambia uulizie upasuaji wa kukata mfupa na kukigeuza kikombe kikae vizuri. Sasa umechelewa kwa huo, na si kosa lako.

Wa matundu madogo uache. Kazi yake ni kurekebisha ukingo wa kikombe uliochanika, au kuparua mfupa unaogongana, wakati gegedu bado lipo. Kwenye nyonga iliyolika kama yako utalipa, utaumwa, na baada ya muda mfupi utarudi kule kule.

Kaka yako ana nia njema, na alichokisema ni kweli: Murray alifunikwa kichwa cha mfupa kwa kofia ya chuma Januari 2019, na Oktoba mwaka huo huo akashinda mashindano ya Antwerp. Lakini yule ni mwanamume mwenye mifupa mikubwa. Vifaa vile kwa kawaida ni chuma kinachosugua chuma, na vinaachia chembe za kobalti na kromiamu mwilini. Kwa wanawake, wenye vichwa vidogo vya mfupa, na kwa vikombe vifupi kama chako, vimeharibika zaidi. Aina moja iliondolewa sokoni duniani mwaka 2010. Mimi nisingekubali wakuwekee.

Kwa hiyo nasimama na bingwa wa kwanza: badilisha nyonga yote. Upasuaji huu si wa kubahatisha. John Charnley wa Uingereza ndiye aliyeupa msingi wake wa sasa mwaka 1962. Siku hizi kichwa cha kauri au chuma huzunguka ndani ya plastiki ngumu. Iwe inagandishwa mfupani kwa saruji maalumu au bila saruji, mwachie daktari aamue kwa ubora wa mfupa wako.

Bingwa wa pili anaogopa kwamba nyonga bandia itachakaa ukiwa bado una nguvu, upasuliwe tena. Hofu hiyo ina ukweli, na kadiri mtu alivyo mdogo ndivyo uwezekano unavyokuwa mkubwa. Lakini uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba kama nyonga 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Wewe hapo utakuwa na miaka 71. Ukisubiri mpaka 60, ni miaka 14 ya kuchechemea. Misuli ya kalio itanyauka, mgongo na goti vitabeba mzigo usio wao. Mimi hiyo miaka minne tu imeniachia goti linalolia kila nikipanda ngazi. Na dawa za maumivu za kila siku zinachubua tumbo na kuchosha figo. Ile sindano, ukiichoma, hesabu miezi mitatu kamili kabla ya kupasuliwa, maana inaongeza hatari ya wadudu kuingia kwenye kiungo kipya.

Hatari zipo: usaha, damu kuganda mguuni, nyonga kuchomoka, mguu mmoja kuwa mrefu. Hili la urefu liulize kwa mkazo, kwa sababu kikombe kifupi kinalifanya gumu. Muulize daktari amewahi kufanya nyonga ngapi za namna yako. Kama ni chache, omba rufaa MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ukiwa na bima, pata kwa maandishi kama inalipia nyonga bandia yenyewe au upasuaji tu.

Ukienda Dar, kurudi ni zaidi ya kilomita 800. Usipande basi siku ya kuruhusiwa. Kaa kwa ndugu hadi daktari aridhike, meza dawa ya kuzuia damu kuganda, na njiani shuka utembee kila basi linaposimama. Mimi nililala Iringa usiku mmoja, na nilifanya vizuri.

Sasa choo. Wiki za mwanzo hutakiwi kukunja nyonga kupita vile inavyokunjika ukikaa wima kitini, wala kukunja nne. Choo cha kuchuchumaa ndicho kilichowachomoa nyonga wagonjwa wangu wawili, na wote walikuwa wamefundishwa vizuri kabisa wodini. Kigoda cha jikoni nacho kiondoe, kiti kirefu kiwe karibu na mafiga. Shambani, daktari akisharuhusu, usichuchumae: piga goti la mguu uliopasuliwa, ule mzima utangulie mbele, ndipo uokote viazi. Kwenye ule mteremko wenu tumia mkongojo hata ukijiona umepona.

Netiboli sitakudanganya. Kuruka na kugeuka ghafla madaktari wengi wanakataza. Mlima, baiskeli, jembe na kucheza ngoma harusini vinarudi. Mimi mwezi wa nne baada ya upasuaji nilitembea kutoka Soweto hadi Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, na kikapu mkononi, nikavaa soksi mwenyewe asubuhi ile.

Kabla hujapanga tarehe, ita fundi wa mbao. Kiti cha choo kiwe na tundu katikati, kimo chake kizidi kidogo kimo cha goti lako, miguu minne mipana isiyozama, na mshikio pande zote mbili. Akikaze kabla ya mvua za Novemba, halafu ukikalie mwenyewe ukiwa bado unaumwa, uone kama unainuka bila kushikwa mkono.