Maswali na majibu: Riwaya za orodha ya Booker zisomwe vipi?

Orodha ndefu na orodha fupi zinatofautianaje, na nianze kusoma lini? (Msomaji, Morogoro)

Orodha ndefu ya Tuzo ya Booker ya Uingereza ina vitabu 13, nayo hutoka mwishoni mwa Julai au siku za mwanzo za Agosti. Septemba hubaki 6, ndiyo orodha fupi. Mshindi hutangazwa Oktoba au Novemba na huondoka na pauni 50,000. Tangu 2014 mwandishi wa taifa lolote anaruhusiwa, mradi kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uingereza au Ayalandi.

Usijiwekee lengo la kumaliza vyote 13 kabla ya orodha fupi kutoka. Ungehitaji kumaliza riwaya moja kila siku nne hivi, na riwaya hizi hazivumilii mwendo huo. Maduka ya vitabu vya kielektroniki hutoa kurasa za mwanzo bure. Soma za vitabu vyote, kisha chagua viwili tu.

Nimefika ukurasa wa 40 na sijui nani anazungumza. Hakuna alama za kunukuu, nukta zenyewe za kutafuta. Je, nimeuziwa nakala mbovu? (Msomaji, Nakuru)

Nakala yako ni nzima. Riwaya iliyoshinda 2018, ya Anna Burns, haiwapi wahusika majina. Ile ya Bernardine Evaristo, mmoja wa washindi wawili wa 2019, inaacha nukta karibu kote. Ya Paul Lynch, iliyoshinda 2023, haina alama za kunukuu, na aya zake hazikatwi kama tulivyozoea. Kila mmoja ana sababu yake. Kwa Lynch, kwa mfano, nchi inaporomoka kuelekea udikteta, na ukurasa uliojaa wino bila upenyo unakubana pumzi kama unavyombana mama aliye katikati ya kisa.

Dawa ya kwanza ni sauti. Soma kurasa tano kwa kutamka, polepole. Mtu anayesimulia barazani hatangazi kwamba sasa anamnukuu jirani. Sauti hubadilika na wasikilizaji hufuata. Maandishi haya yanataka sikio hilohilo. Kisha shika penseli, uweke mstari mdogo pembeni kila mzungumzaji anapobadilika. Baada ya kurasa ishirini hivi, wengi huiweka penseli chini.

Kosa linalowaangusha wasomaji wengi ni kukatiza katikati ya sehemu. Kwa kuwa hakuna aya, kesho yake huoni pa kuanzia. Kabla hujaanza, tazama sehemu inaishia ukurasa gani. Kama muda hautoshi kuifikia, ngoja usiku.

Kiingereza changu ni cha shule. Nianze na kipi? (Msomaji, Tanga)

Anza na Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021. Iliingia orodha fupi ya Booker mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, imefanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Tafuta nakala zote mbili. Riwaya ina sura sita: soma sura kwa Kiswahili, kisha sura hiyohiyo kwa Kiingereza siku ya pili, ukifungua kamusi pale tu usipojua nani kamtendea nani nini.

Humo una mtaji ambao msomaji wa London anapaswa kuutafuta. Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita mjomba. Dukani, Khalil, kijana aliyemtangulia, anamkataza kulitumia neno hilo: tajiri yule si mjomba wake, na mtoto ameletwa kwa deni la baba yake. Mtu aliyekulia katika Kiswahili anajua uzito wa kumwita mtu mjomba, na anajua rehani ni nini. Kwa hiyo kofi la sentensi ile linampata papo hapo. Aliyesoma Surat Yusuf naye atashtuka mwanamke anapoichana shati ya kijana kwa nyuma, kwa sababu anakumbuka upande uliochanika ulithibitisha nini. Andika pembeni kila unapokutana na mwangwi wa namna hiyo. Ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuiona riwaya ilivyojengwa.

Wengine watakushauri Orbital ya Samantha Harvey, mshindi wa 2024, kwa kuwa haifiki kurasa 150. Ni nzuri mno, lakini ufupi usikudanganye: wanaanga sita wanaizunguka dunia mara 16 kwa siku moja, na karibu hakuna kisa cha kukuvuta. Iache iwe ya tatu.

Vitabu hivi ni ghali. Tufanyeje? (Kundi la wasomaji, Mombasa)

Mkiwa sita, kila mmoja anunue kimoja cha orodha fupi, mbadilishane kila baada ya wiki tatu. Wiki 18 mtakuwa mmesoma vyote kwa bei ya kimoja. Mzunguko hukwama kitabu kikilala kwa mtu mmoja, hivyo tarehe ya kubadilishana isisogezwe hata kama mtu hajamaliza. Vilevile, toleo la jalada laini huwa rahisi, ila kwa kawaida hulifuata la jalada gumu baada ya miezi kadhaa.

Mbona orodha ya Tuzo ya Mwalimu Nyerere siwezi kuisoma kabla ya mshindi kutangazwa? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu tuzo ile ya Tanzania ya uandishi bunifu inapokea miswada, si vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Uchapishaji ni sehemu ya zawadi. Subiri vitabu vitoke.

Nimemaliza Paradise na mwisho wake sikuupenda. Ni mimi sijaelewa? (Msomaji, Muscat)

(Ambaye hajaimaliza aishie hapa.) Yusuf anakimbia kuufuata msafara wa askari wa jeshi la Wajerumani, na kitabu kinafungwa. Rudi sura ya kwanza usiku huohuo, kabla hujasahau. Mtoto anawatazama Wazungu wawili kwenye stesheni ya reli, na baadaye anaondolewa nyumbani bila kuulizwa. Weka kurasa hizo mbili kando kwa kando, ujiulize kama safari hii amechagua yeye.

Majaji wa Booker huvisoma vitabu vya orodha fupi mara tatu, na hata hivyo hubishana. Ukirudia na bado hukuupenda, andika sababu yako pamoja na namba ya ukurasa, uipeleke kwa wenzako kundini.