Muulize Mama Maabara: Utando unaokula rangi kwa jua

*Mama Maabara, salamu nyingi. Nina karakana ndogo Kariobangi Light. Tunatia rangi upya suruali za jinzi za mitumba zilizopauka. Maji yanayobaki ni meusi tititi, na tumeandikiwa barua tusiyamwage tena mtaroni. Sasa amekuja kijana na utando anaosema unasafisha maji kwa jua tu, bila kemikali wala stima. Aliutia kwenye glasi ya maji ya bluu, akaiweka dirishani, na baada ya saa moja yalikuwa meupe kama ya kunywa. Anataka laki tatu na nusu. Nimlipe? – Mtia rangi, Kariobangi*

Ndugu yangu, usimlipe kwanza. Kijana simwiti tapeli, maana kitu chenyewe kipo na nimekishika kwa mikono hii. Ila maji ya kwenye ile glasi hayakuwa yako.

Miaka hiyo nikiwa maabara ya kiwanda cha nguo Industrial Area, mkubwa wetu alisikia kwamba titaniamu dioksidi, unga mweupe unaotiwa kwenye tando kama hiyo, ikipigwa na jua inakula rangi. Nikatumwa. Kwa kuwa ndio unga uleule unaotia weupe rangi za ukuta, nilienda kwa muuza malighafi za rangi za nyumba nikabeba kilo mbili. Nikaukoroga kwenye beseni la maji ya bluu juu ya paa, tukangoja. Jioni maji yalikuwa ya bluu vilevile, mazito kidogo, kama uji uliomwagikiwa wino. Nilichekwa mwezi mzima. Baadaye ndipo nikajua kwamba watengenezaji huuvika unga wa rangi za ukuta ngozi nyembamba ya alumina au silika, makusudi, usije ukaila rangi yenyewe ukutani. Nilikuwa nimenunua simba aliyefungwa mdomo.

Tukaagiza ule wenyewe, aina ya anatase. Kufikia saa nane mchana maji yalikuwa yameanza kupauka, na waliokuwa wakinicheka wakapanda paani kuangalia. Shida ikawa kuutoa. Chembe zake ni ndogo hata hazitaki kutuama. Siku ya tatu ndoo bado ilikuwa kama ya maziwa. Kitambaa kiliupitisha, karatasi ya kuchujia ikaziba. Utando ulibuniwa kwa ajili ya shida hiyohiyo: badala ya kumwaga unga majini kisha uanze kuusaka, unaugandisha kwenye chujio lenye vitundu vidogo mno, maji yapite, unga ubaki.

Kazi yake iko hivi. Mwanga ukiupiga unga, elektroni huruka na kuacha pengo, na pengo hilo hunyang'anya maji elektroni yake. Hapo huzaliwa radikali za hidroksili, vipande vya maji vyenye njaa ya elektroni, ambazo hurarua karibu kila kitu chenye kaboni. Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, ndio waliochapisha mwaka 1972 habari za titaniamu dioksidi kupasua maji kwa mwanga, na utafiti mwingi ukaanzia hapo.

Sasa turudi kwenye pipa lako. Anatase haishtuki kwa mwanga wowote tu; inataka miale ya urujuanimno, chini ya nanomita 387 hivi, na katika jua linalotufikia miale hiyo ni kama asilimia 4 au 5 tu. Nairobi tumebarikiwa kidogo, tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, ingawa Julai hata kuanika nguo ni bahati nasibu. Lakini maji meusi ni pazia. Mwanga unaishia juujuu na utando ulioko chini unakaa gizani. Tena zile radikali haziishi hata kufumba na kufumbua, kwa hiyo uchafu usiougusa utando wenyewe unapona.

Halafu kuna magadi. Nadhani nawe unayatumia rangi ishike pamba, kama tulivyofanya sisi. Magadi ni kaboneti, na kaboneti inazimeza radikali kabla hazijaifikia rangi. Chumvi unayotia nayo inazipunguza. Glasi ya dirishani haikuwa na magadi wala chumvi, naweza kuapa.

Mwambie aje karakanani kwako, achote maji ya pipa la kwanza la rangi, si ya suuza ya mwisho. Tumieni vyombo vitatu vya kioo. Cha kwanza kina utando na kinakaa juani. Cha pili kina utando lakini kimefungwa ndani ya mfuko mweusi. Cha tatu kiko juani bila utando. Kile cha gizani kikipauka pia, basi utando umenyonya rangi kama sifongo, na wiki ijayo utakuwa umeshiba. Cha tatu kikipauka, ni jua tu limefanya kazi, na jua hulipi laki tatu na nusu.

Hata vyote vikienda vizuri, usiridhike kwa macho. Peleka sampuli ipimwe COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote kwa kemikali. Rangi nyingi za pamba ni za jamii ya azo, na zikikatwa nusunusu zinapoteza rangi lakini zinaweza kuacha amini, yaani kemikali zenye nitrojeni, ambazo baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka COD isizidi miligramu 50 kwa lita kwa maji yanayoishia mtoni, na 1,000 kwa yanayoingia bomba la majitaka la umma. Ona tofauti hiyo, ndugu yangu. Kabla ya utando wowote, ningeuliza habari za kibali cha kuunganishwa na bomba.

Na hilo la "bila stima" limenichekesha. Maji hayapiti kwenye vitundu vidogo hivyo kwa kuombwa, yanataka pampu. Muulize pia utando ni wa nini. Wa plastiki unaliwa polepole na radikali zake mwenyewe. Wa kauri unadumu, lakini sidhani utaupata kwa bei hiyo.

Wewe anza hivi: pipa la rangi nzito litenge na maji ya suuza. Suuza ya mwisho ya leo iwe suuza ya kwanza ya kesho. Ukifanya hivyo maji ya kutibu yatapungua sana, na hapo mkiongea tena habari za utando, mtaongea juu ya mapipa mawili na si kumi.

*Mama, nafanya mradi wa mwaka wa nne kuhusu kichocheo, yaani unga wa kula uchafu kama huo wako, kinachofanya kazi kwa mwanga wa kawaida, si urujuanimno. Nimepanga kukijaribu kwa methilini bluu, ile rangi ya bluu ya maabara. Unaonaje? – Mwanafunzi, Kahawa*

Naona umechoka kabla hujaanza. Methilini bluu yenyewe hunyonya mwanga wa kawaida, kwa hiyo inaweza kujiharibu na kukupa matokeo matamu ambayo si ya kichocheo chako. Chagua kitu kisicho na rangi, fenoli kwa mfano, kisha umalizie na maji halisi ya kiwandani. Yatakuaibisha, na hiyo sura ya aibu katika ripoti yako ndiyo nitakayoisoma kwanza.

*Mto Ngong unapita nyuma ya nyumba zetu na watu wanamwagilia sukuma. Huo utando unaweza kuondoa madini ya risasi majini? – Mama wa watatu, Mukuru*

Hapana, dada. Kinachoraruliwa ni molekuli za kaboni. Risasi ni elementi, haina cha kukatwa. Kromu, metali nyingine, ile mbaya iliyopoteza elektroni sita, inaweza kugeuzwa ile iliyopoteza tatu ambayo ina afueni, lakini bado imo majini mpaka uitengeneze ituame na uizoe. Sukuma imwagilieni maji ya bomba au ya mvua, na kama shamba liko palepale ukingoni mto unapofurika, hata udongo wenyewe siuamini.