Jibu: Twiga asiyeenea kwenye karatasi

Dada, umeuliza umwanzishie vipi mwanao wa miaka mitano kuchora twiga, maana shingo humfikisha ukingoni na kilio kinaanza. Tatizo ni pa kuanzia tu. Simamisha karatasi wima, mwambie achore kichwa kidogo kule juu kabisa, kisha yai la mwili katikati, ndipo aunganishe kwa mistari miwili. Shingo itapata urefu wake yenyewe. Miguu nayo iwe mirefu, karibu sawa na shingo. Watoto wengi huifupisha.

Madoa ndiyo utamu wenyewe. Asichore viduara. Apake kahawia mwili mzima kwa krayoni, vipande vipande, akiacha njia nyembamba nyeupe katikati, kama tope lililokauka na kupasuka. Pembe ni mbili fupi zilizofunikwa ngozi. Za jike huwa na kishungi cha nywele juu.

Tafadhali usimshike mkono wala kumfutia. Chora wako pembeni, yeye achore wake, hata kama wake ana miguu mitano.

Jumamosi mkipata nafasi, mpeleke Morogoro Stores, Oysterbay, akawaone wachoraji wa Tingatinga wakiwa kazini. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo huo hapa hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli. Wanyama wao wana shingo na macho makubwa kupita kiasi, na mtoto akiyaona hayo ataacha kuogopa kukosea.