Swali Lililomfanya Karani Avute Kiti

Kwa miaka kadhaa nilizunguka vituo vya afya vya mashariki mwa Nairobi nikiwa na dodoso lililoanza na swali lile lile: "Tatizo kubwa hapa ni nini?" Majibu hayakukosekana. Wa mapokezi waliwalaumu wa maabara, wa maabara wakawalaumu wa dirisha la dawa, na karani wa mafaili katika kituo kimoja alinijibu akiwa amesimama, funguo mkononi, kana kwamba nimetumwa kumfukuza kazi.

Niliporudi nilimuuliza kwanza habari za nyumbani, kisha nikamwomba anisimulie siku moja tu ambayo kazi ilimwendea vizuri. Alivuta kiti. Alisema kwamba zamani, kila jioni ya kuamkia kliniki ya kisukari, yeye na muuguzi mmoja waliyatoa mafaili ya wagonjwa waliotarajiwa na kuyapanga mezani, hivi kwamba saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeshaanza kusogea. Muuguzi akahamishwa, na desturi ile ikafa bila mtu kuizika.

Njia hii ya kuuliza, iitwayo kwa Kiingereza Appreciative Inquiry, si yangu. Mwaka 1980 David Cooperrider, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve nchini Marekani, alikuwa akitafiti katika hospitali ya Cleveland Clinic, akageuka kutoka kutafuta kasoro hadi kuchunguza yanayoipa taasisi uhai. Mwaka 1987 yeye na mwalimu wake, Suresh Srivastva, walichapisha makala iliyoieneza njia hiyo.

Ushauri wangu ni kuomba kisa, si maoni. Ukiuliza "nguvu zenu ni zipi?" utasomewa dira na dhamira zilizobandikwa ukutani.

Upole nao usigeuzwe kufuli. Muuguzi mmoja aliniambia hana siku nzuri ya kusimulia kwa kuwa mshahara ulikuwa umechelewa tena. Kumrejesha kwenye dodoso kungekuwa ukatili uliovishwa tabasamu. Nilifunga daftari nikamsikiliza, na kwa idhini yake malalamiko hayo yakaingia kwenye ripoti bila jina na bila kulainishwa. Baada ya kuutua mzigo huo ndipo nilipomuuliza ni nini kilichomleta kazini asubuhi ile, naye akawa na mengi ya kusema.

Katika kikao cha kurudisha matokeo nilimwachia karani aeleze mwenyewe habari ya mafaili. Kabla hajamaliza, muuguzi mgeni wa kliniki ya kisukari alikuwa ameshamuuliza funguo za kabati hukaa wapi jioni.